Nairobi hadi Nyahururu kwa vichochoro, kurudi kwa Othaya: Boxer, mtu mmoja, na kila kijiji kikadhani mimi ni bodaboda

Kiti_Tupu | Jumamosi, saa 3:40 usiku

Wakuu, nimeingia nyumbani Umoja, Nairobi, saa moja jioni, mgongo umekauka kama ubao na masikio bado yanavuma. Naandika kabla usingizi haujanipokonya kumbukumbu.

Siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Mita ilisoma kilomita 461 kutoka lango la ploti hadi lango la ploti. Chombo ni pikipiki yangu ya kwendea kazini, Boxer 150, si yale madude ya safari yenye masanduku ya alumini kila upande. Mkoba mgongoni, kiti cha nyuma kitupu. Kishikeni hicho kiti, maana ndicho kilichonianzishia vituko vyote.

Sharti nilijiwekea moja tu: nifike Nyahururu bila kuiona Naivasha wala Gilgil, na nirudi bila kupita Karatina na Sagana. Hizo nimezizoea kupitia dirisha la matatu tangu utotoni. Nilitaka njia ambayo ng'ombe akivuka, wewe ndiye unayesubiri.

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Outer Ring, Thika Road kidogo, nikashika Northern Bypass hadi Ruaka, nikapanda Banana, kisha Tigoni. Mtu akikuambia hakuna mandhari karibu na Nairobi, mpeleke Tigoni saa kumi na mbili na nusu, jua likianza kugusa majani chai. Limuru ndiko chai ilikopandwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1903. Ukipita hapo peke yako, injini ikinong'ona gia ya tatu, unasikia harufu ya majani yenye umande hata ndani ya helmeti. Ndani ya matatu huwa nasikia harufu ya soksi za jirani.

Limuru nikaingia barabara kuu ya Nakuru kwa sababu hakuna namna. Kimende ilikuwa sawa. Kinale, ukungu. Si ule wa kupiga picha, ni ule wa kukufanya ujiulize taa nyekundu iliyo mbele ni ya lori linalotembea au lililokwama. Nilivuta pembeni kwenye kibanda cha chai, nikakaa karibu saa nzima. Mwenye kibanda akaniangalia nilivyokuwa natetemeka, akachomoa gazeti la juzi chini ya kaunta: "Weka hii kifuani, ndani ya jaketi." Niliweka. Wakuu, lile gazeti lilinipa joto kuliko sweta mbili.

Pale njiapanda ya Flyover nikakata kulia kuelekea Njabini, na hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza. Nachaji simu, narudi.

---

Chipukizi_24 | Jumamosi, saa 3:58 usiku

Mkuu, tuko hapa. Swali la haraka: hiyo Boxer ilipanda hizo milima bila kulalamika? Mimi nina ya 125, naogopa hata ile ya kutoka Kangemi.

---

Skimu_Kinangop | Jumamosi, saa 4:05 usiku

Kijana, umepita nyumbani bila hata hodi! Endelea, nataka nisikie ulivyopokelewa na baridi yetu.

---

Kiti_Tupu | Jumamosi, saa 4:31 usiku

@Chipukizi_24 ilipanda, lakini ililalamika. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Kinangop unaongeza mita 600 na zaidi. Hewa ni nyembamba, lakini kabureta inamimina petroli ile ile iliyozoea. Injini inakula chakula kingi kuliko hewa ya kukisagia, inakuwa nzito, na plagi inatoka nyeusi kama masizi ya jiko. Gia ya tano niliisahau. Nilitembea kwa ya tatu na ya nne, kilomita 45 kwa saa, na kwa kweli huo ndio mwendo wa kuiona nchi.

Njabini nilifika ukungu umekatika ghafla, kana kwamba mtu amevuta pazia. Kulia ni safu ya milima ya Nyandarua, bluu kabisa. Kushoto uwanda umelala hadi macho yanachoka. Na shambani, weupe. Nilidhani ni chokaa. Nilisimama, nikainama, nikagusa: sakitu! Barafu nyembamba juu ya majani ya viazi, ikitoa mvuke jua lilipoipata. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye ua akiangalia shamba lake bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimetoa simu nipige picha. Niliirudisha mfukoni.

Abiria wa kwanza akanisimamisha hapo hapo nje ya Njabini. Mzee, koti la mvua, mtungi wa maziwa. "Ya ngapi mpaka Engineer?" Nikamwambia mimi si bodaboda, napita tu. Akanitazama, akaitazama Boxer, akakitazama kiti kitupu, akauliza: "Sasa unapita kwenda wapi na kiti kizima?"

Sikuwa na jibu. Hadi Ol Kalou nilisimamishwa mara tisa. Nilihesabu.

Kilomita chache kabla ya Engineer, klachi ikalegea mkononi, tap! Kebo imekatika. Mji ulio mbele unaitwa Engineer, na mimi niko kando ya barabara nimeshika kipande cha waya. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kwa wasiojua: unaweza kuendesha bila klachi. Nilitafuta mteremko, injini ikiwa inawaka, gia ikiwa niutro, nikaiacha ijiviringishe yenyewe, halafu nikakanyaga gia ya kwanza. Inaruka kama punda aliyechomwa na mwiba, lakini inashika. Kubadilisha gia unafunga mafuta kidogo, unagonga, unafungua. Ubaya ni kwamba ukisimama umezima. Kwa hiyo niliingia Engineer nikipiga honi mfululizo kama msafara wa harusi, kuku wakinipisha, hadi mlangoni pa fundi.

Kebo na kazi, shilingi 250, dakika ishirini. Fundi, kijana mdogo kuliko mimi, alinionyesha kipande kilichokatika. Nyuzi zilikuwa zimekatika moja moja, siku nyingi, pale kwenye kichwa kinachoingia ndani ya mkono wa klachi. "Hii ilikuwa inakwambia," akasema, "wewe hukusikiliza." Na kweli, wiki mbili klachi ilikuwa inakwaruza na mimi nadhani ni baridi ya asubuhi.

---

Mzee_wa_Steji | Jumamosi, saa 4:50 usiku

Fundi amesema kweli tupu. Mimi nimekuwa kwa nduthi, yaani bodaboda, tangu 2009, Kawangware. Nawapa siri ya bure vijana: nunua kebo mpya ya klachi, usiiweke nyumbani wala mkobani. Ipitishe sambamba na ile ya zamani, kuanzia mkononi hadi kwenye injini, uifunge kwa tepu. Siku ya zamani ikikatika, hufungui tangi wala nini. Unachomoa ncha mbili, unachomeka mbili. Dakika tano, hata usiku. Na kila mwezi dondosha oili pale juu iteremke ndani ya ganda.

Vingine vya kubeba: plagi moja na spana yake, tubu, pampu ndogo, waya wa kufungia, na mfuko wa nailoni wa kuvaa juu ya soksi ndani ya buti mvua ikipiga. Cheni ikaze kabla ya kutoka, lakini si sana. Iache icheze kama upana wa vidole viwili. Ukiikaza kama gitaa itakula sproketi, au itakatika ukiwa mlimani.

---

Skimu_Kinangop | Jumamosi, saa 5:12 usiku

Umenigusa kwa yule mama na sakitu. Januari na Februari, mbingu ikiwa safi usiku, sisi hatulali vizuri. Wageni wanasifu anga lenye nyota. Sisi tunajua nyota nyingi maana yake viazi vimeungua kufikia asubuhi. Mawingu ndiyo blanketi letu.

Babangu alipata ekari zake miaka ya 1960, wakati mashamba ya masetla yalipogawanywa kuwa skimu za makazi. Ndiyo maana vijiji vyetu vimenyooka, njia zimepigwa rula, si kama Murang'a ambako njia inafuata mgongo wa mlima. Ukiwa na pikipiki utaihisi tofauti hiyo kwenye mikono: kwetu unanyoosha, kwao unakunja.

Na ukirudi, pita Sasumua, si mbali na Njabini. Lile bwawa linapeleka maji Nairobi. Watu wa Umoja mnaoga huko kwetu bila kujua.

---

Kiti_Tupu | Jumamosi, saa 5:30 usiku

@Skimu_Kinangop Umoja kuoga ni siku ambazo mfereji umekubali, lakini ahsante.

Naendelea kidogo halafu nilale. Ndunyu Njeru, Miharati, Ol Kalou. Miharati nilikula githeri na parachichi lote zima, kisha chai ya maziwa matupu, yaani maji hayajaonekana kabisa ndani ya sufuria. Kutoka Ol Kalou kwenda Nyahururu, angalieni kulia: Ziwa Ol Bolossat. Kwa mbali nilidhani ni mbuga ya nyasi iliyofurika. Korongo wenye taji walikuwa makundi kwa makundi, na mchungaji akaniambia nisisogee sana majini kwa sababu ya viboko.

Sasa, kitu kilichonifurahisha. Mto Ewaso Narok unatokana na ziwa hilo, na ndio huo unaojitupa kwenye maporomoko ya Thomson pale Nyahururu, mita 74 kwenda chini. Kwa hiyo maji niliyoyaacha yamelala kama mkeka saa nane mchana, saa kumi nikawa nayatazama yakinguruma. Kwa gari ungeviona kama vitu viwili. Kwa nduthi unatembea nayo.

Kabla ya mji unavuka ikweta. Kuna kijana mwenye jagi na kijiti cha kiberiti, anakuonyesha maji yakizunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Nilimpa hamsini yake.

---

Mwanabima | Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Hamsini imepotea. Mzunguko wa dunia unasukuma vimbunga na mikondo ya bahari, lakini kwa karai la maji, hatua ishirini kutoka mstari, nguvu hiyo ni ndogo mno. Maji yanazunguka kulingana na jinsi yule kijana anavyoyamimina. Mwangalie mkono, usiangalie kijiti.

---

Kiti_Tupu | Jumapili, saa 1:40 asubuhi

Nilimwangalia mkono. Anajua kazi. Ndiyo maana nilimlipa.

---

Dada_Gia | Jumapili, saa 2:05 asubuhi

Hongera. Nauliza kwa niaba ya wanawake tunaosoma hapa kimya kimya: kulala Nyahururu peke yako ulipanga vipi? Mimi naendesha peke yangu pia, ila njia yangu ni Magadi, naenda na kurudi siku moja, kwa sababu kulala ndiko kunakonipa wasiwasi. Barabara hainitishi.

---

Kiti_Tupu | Jumapili, saa 2:30 asubuhi

@Dada_Gia nitakujibu kwa ukweli: mimi ni mwanamume, kwa hiyo nilifika tu nikauliza. Nilipata chumba chenye uwanja wa ndani, pikipiki ikalala chini ya taa, mlinzi akiiangalia. Nilichofanya cha maana ni kufika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sijui ingekuwaje ningekuwa dada anayebisha mlango saa mbili usiku. Wewe tuambie ya Magadi.

---

Dada_Gia | Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Sawa, nisiibe uzi, kwa ufupi.

Nairobi, Ngong au Kiserian, kisha Corner Baridi. Pale simama. Nyuma yako upepo wa milima ya Ngong, mbele bonde lote limefunguka. Kutoka pale unashuka hadi mita kama 600 hivi huko ziwani. Yaani unaanza na glovu, unamaliza unatamani kuvua ngozi. Petroli jaza Kiserian, tangi zima. Maji lita tatu, na unywe kabla hujaona kiu. Upepo wa joto unakausha jasho mwilini kabla hujajua ulikuwa unatoka jasho.

Njiani kuna Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yamelala ardhini kwa mamia, mengine yamezungushiwa njia ya mbao unapita juu yake. Mimi hupenda kusimama hapo kwa sababu kuna kivuli na kuna mtu wa zamu, na mtu wa zamu anakumbuka uso. Huo ndio mfumo wangu wote wa usalama: kila saa moja, mtu mmoja ajue nimepita. Nanunua soda, nasalimia, nasema naenda wapi na narudi saa ngapi. Nikirudi nasimama pale pale. Sasa yule mama wa duka la Olepolos huniuliza mbona wiki iliyopita sikuonekana.

Na helmeti yangu ina kioo cheusi. Ukiwa umevaa jaketi na glovu, hakuna anayejua wewe ni nani hadi uamue mwenyewe.

---

Chipukizi_24 | Jumapili, saa 3:35 asubuhi

Hii ya "mtu mmoja ajue nimepita" naiiba.

Mkuu Kiti_Tupu, siku ya pili?

---

Kiti_Tupu | Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Siku ya pili ndiyo yenye kesi.

Nyahururu hadi Nyeri sitasema mengi. Ndaragwa, Mweiga, lami nzuri, Mlima Kenya kushoto umevua wingu hadi saa tatu, Nyandarua kulia. Upepo wa ubavuni ulinisukuma mara mbili hadi nikashika mpini kwa nguvu. Nyeri nilipita kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyekufa 1941. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti inayomaanisha "nimekwenda nyumbani". Nilikuwa skauti darasa la sita, niliijua kabla ya kuisoma.

Kisha Othaya, na kutoka Othaya kuelekea Kiriaini. Hapa Skimu alisema kweli: mikono ilihisi. Unashuka hadi mtoni, daraja dogo, unapanda, kona, kona, juu kabisa kanisa na duka tatu, unashuka tena. Kila mgongo wa mlima ni chai juu na kahawa chini. Sikumbuki kunyoosha pikipiki kwa zaidi ya nusu dakika. Nilikuwa naimba ndani ya helmeti.

Kwenye mpando mmoja, shosho, bibi kizee, katikati ya barabara. Hakupunga mkono. Alisimama tu mbele yangu na gunia la majani chai. Nikafunga breki. Kabla sijafungua mdomo na ile hotuba yangu ya "mimi si bodaboda", alikuwa ameshaweka gunia kwenye kiti. Kikuyu changu kinaishia kwenye salamu, Kiswahili chake kilikuwa kifupi na hakikuhitaji kurefushwa: "Lori linaondoka. Twende."

Lori ni la kiwanda. Linakuja kituoni kupima majani, likishaondoka, majani yako ni ya mbuzi. Chai iliyochumwa haisubiri kesho.

Nikatoa kamba nifunge gunia. Akanipiga kofi la mkono! "Usibane!" Nilivyoelewa baadaye kutoka kwa karani wa kituo, majani yakibanwa yanapata joto, yanaungua ndani kwa ndani na kuwa mekundu, kisha yanakataliwa. Ndiyo maana magunia yenyewe yana matundu, yapumue. Kwa hiyo shosho alikaa nyuma, gunia amelikumbatia kama mjukuu, na mimi nikaendesha nimekaa juu ya tangi, magoti karibu na masikio. Helmeti ya pili sikuwa nayo. Najua. Nilimvalisha yangu.

Dakika kumi. Tulifika karani ameshafunga kitabu. Shosho akasema maneno ambayo sikuyaelewa lakini karani aliyaelewa, kitabu kikafunguka. Kilo kumi na mbili na nusu.

Akafungua leso, akatoa noti ya hamsini. Nikakataa. Akaisukuma kwenye kifua changu, pale pale penye lile gazeti la Kinale. "Mimi sina deni na mtu," akasema, akaondoka.

Nilipogeuka nikakuta vijana watano wa bodaboda, wenye jaketi za rifleka, wamezunguka Boxer yangu.

---

Mzee_wa_Steji | Jumapili, saa 5:22 asubuhi

Nilijua! Nilipoona "shosho" nikajua tu. Kijana, steji, yaani kituo cha bodaboda, ina wenyewe.

Wengine watasema hao ni wahuni, nawatetea kabla hawajasemwa. Mtu hajiungi na steji bure. Unatoa kiingilio, unachanga kila wiki, mwenzako akianguka mnamlipia hospitali, akifa mnamzika. Mgeni akija na kubeba abiria wetu, anachuma mahali ambapo hakupanda. Kwetu Kawangware ungepokonywa ufunguo hadi mwenyekiti aje.

---

Mwanabima | Jumapili, saa 5:48 asubuhi

Na hilo la steji ndilo dogo. Kubwa ni noti ya hamsini.

Leseni yako bila shaka ni ya daraja A2, pikipiki ya kawaida. Kubeba abiria kwa malipo kunataka A3. Bima yako ni ya binafsi, si ya abiria wa kulipa. Ukimbeba shosho bure, wewe ni msamaria. Ukipokea hamsini halafu mkaanguka kwenye kona ile ile, mwenye bima anayo sababu ya kukuambia huu haukuwa mkataba wetu. Halafu kichwa chako hakina helmeti, wakati sheria inataka helmeti na jaketi ya kung'aa kwa wote wawili. Makosa mawili katika dakika kumi, na yote kwa moyo mzuri.

Sisemi ungemwacha. Nasema noti ungeirudisha.

---

Skimu_Kinangop | Jumapili, saa 6:02 mchana

Mwanabima, wewe hujawahi kurudishia shosho wa Othaya pesa. Jaribu siku moja utuletee majibu.

---

Dada_Gia | Jumapili, saa 6:10 mchana

Ila helmeti ya pili ni kweli. Kiti ukikibeba kitupu kote huko, kuna siku kitajaa. Mimi sasa hufungia ya ziada kwenye kamba ya nyuma. Haina uzito.

---

Chipukizi_24 | Jumapili, saa 6:15 mchana

Vijana watano wamezunguka Boxer halafu umetuacha hapo??

---

Kiti_Tupu | Jumapili, saa 8:30 mchana

Nilikuwa kanisani, tulieni.

Mwanabima, yote uliyosema nayakubali na sina utetezi. Nilichoweza kujitetea nacho pale ni kufungua mkoba niwaonyeshe suruali chafu na mswaki. Nikawaambia natoka Umoja, nimelala Nyahururu, narudi nyumbani. Wakatazamana. Mmoja akauliza: "Umekuja hadi huku na Boxer, kufanya nini?"

Kuangalia.

"Kuangalia nini?"

Nikaonyesha kwa mkono, ile milima yote. Wakaangalia na wao, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya sebule yake mwenyewe. Aliyeonekana kuwa mkubwa wao akacheka. Akasema yeye anapita barabara ile mara thelathini kwa siku na haangalii kitu ila mashimo na polisi.

Halafu biashara ikarudi. Abiria ni abiria, akasema, hata kama ulimbeba kwa bahati mbaya, hela iingie steji. Nikawapa ile noti ya hamsini ya shosho. Akaiandika kwenye daftari, wallahi, tarehe na kila kitu, na mahali pa jina akaandika "Mgeni wa Boxer". Kisha akaongeza mia moja kutoka mfukoni mwake, tukanywa chai sita na mandazi. Hesabu yake sijaielewa hadi leo.

Wao ndio walioigundua pancha. Tairi la nyuma lilikuwa linapumua polepole, mwiba mdogo, labda tangu Mweiga. Mmoja akaitoa tubu, akaisugua, akabandika, akaniuliza napiga upepo kiasi gani. Nikasema sijui, huwa naminya kwa kidole. Wote watano wakasonya kwa pamoja. Ilikuwa aibu kubwa kuliko ya klachi.

Kutoka Kiriaini nikateremka Murang'a mjini, kisha Maragua, Saba Saba, Kenol. Thika Road nikaingia saa kumi na moja na nusu, na hapo, baada ya siku mbili za kusimamishwa na kila mwenye mtungi na gunia, nilikuwa mtu wa kawaida tena. Magari yakanipita pande zote mbili bila kunitazama. Roysambu mwanamke mmoja alisimama kando ya barabara na mifuko miwili, nikapunguza mwendo bila kufikiri. Alikuwa anasubiri matatu.

---

Mzee_wa_Steji | Jumapili, saa 9:05 alasiri

Mia moja ya chai si hesabu, kijana. Wewe ulilipa faini, yeye akakulipia ugeni. Ni mifuko miwili tofauti.

---

Mwanabima | Jumapili, saa 9:20 alasiri

Na upepo wa tairi la nyuma ukibeba mtu unaongezwa. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kuna kibandiko karibu na cheni. Kidole si kipimo.

---

Kiti_Tupu | Jumapili, saa 1:15 usiku

Nimekiona hicho kibandiko. Kilikuwa chini ya matope.

Kebo ya pili nimeshaipitisha kama Mzee wa Steji alivyosema, na helmeti ya ziada nimenunua leo jioni. Jumamosi ya pili ijayo nataka Magadi. @Dada_Gia, yule mama wa Olepolos anauza nini, nijue nikisimama nisalimie nikiwa mteja?

---

Dada_Gia | Jumapili, saa 1:32 usiku

Soda, biskuti na maneno. Mwambie unatoka kwangu, atakuuliza mimi niko wapi. Na hiyo helmeti ya ziada ifunge vizuri. Barabara ya Magadi nduthi ni chache na jua ni kali. Ukifika na kiti kitupu, watakaokusimamisha watakuwa na mbuzi.